Kidonda Changu Hakimhusu Winrose

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyang'anywa ufunguo. Mbele ya watu, wakati wa chai ya saa nne, andazi likiwa mkononi. Miaka ishirini na sita nimefunga vidonda katika kituo hiki cha afya, na leo Marcella, inchaji wetu, amesema kwa sauti ya kuombea chakula kwamba chumba cha vidonda kitashikwa na Sista Winrose. Mimi niende chumba cha chanjo. Kwa watoto wachanga. Mimi, Thuranira!

Winrose ana miaka ishirini na tisa. Ametoka Manyatta, kule Embu, na amesomea vidonda miezi sita. Miezi sita ya kusoma kidonda. Kidonda ni kidonda. Unakiosha, unakikausha, unakifunga, unaenda nyumbani.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumwaga povu langu. Ile dawa inayochemka ikigusa kidonda, mpaka mgonjwa anajua kweli ametibiwa. Chupa nne, zote kwenye sinki. Ati inaua vijidudu na inaua nyama changa pamoja. Ati kidonda kinataka unyevu, hakitaki kukaushwa kama samaki wa omena juani. Nikamwambia wagonjwa wangu wote walipona kwa povu. Akauliza, kwa ile heshima yake ya kuudhi, kama hata Kailemia alipona.

Kailemia alikatwa mguu mwaka jana. Ilikuwa sukari yake, si povu langu. Hilo nimelieleza mara nyingi, kwa watu wengi.

Marcella amesema huu ni mpango wa majaribio. Jumatatu ya mwisho ya Aprili, kwenye mkutano wa wafanyakazi, ataamua ufunguo ubaki kwa nani. Vizuri. Nina wiki nane. Na nina chupa moja ya povu ambayo Winrose haijui. Iko stoo ya nyumbani, nyuma ya magunia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiba rula. Winrose hupima kila kidonda, kila mgonjwa anaporudi: urefu, upana, kina, rangi, harufu. Anaandika yote. Nikaona bila rula atakwama, aaibike mbele ya foleni. Nimeitoa chumbani ndani ya soksi.

Hakukwama. Alitoa nyingine. Ana pakiti nzima.

Isitoshe, Mzee Kaimenyi, mgonjwa wangu wa miaka na miaka, amepita dirishani kwangu kuniambia kwamba huyo msichana haumizi. Amefurahi kweli. Nikamuuliza, kama haumii, anajuaje kwamba amefungwa? Akaenda zake akitembea vizuri kuliko nilivyozoea kumwona, na siku yangu ikaharibika hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Shambani, Mitunguu. Nilikuwa nakata mkungu wa ndizi huku nikimjibu Winrose kichwani, maneno makali kweli, asingeyasahau. Panga likateleza. Likanipata muundi wa mguu wa kushoto.

Misheck, kibarua wangu, alivunja bua la jani la mgomba palepale akaja mbio kunikamulia utomvu, vile wanavyofanya wote huku mtu akijikata. Nilimfokea. Nilimwambia mimi ni mtu wa hospitali na huo ni ujinga. Kisha nikafungua kapsuli ya rangi mbili, zile za kuua vijidudu ninazozibeba mfukoni siku zote, nikamwaga unga wake kwenye kidonda. Misheck akauliza tofauti ni nini. Watu wengine hawafundishiki.

Kilihitaji kushonwa. Najua. Lakini uzi uko chumba cha vidonda, na ufunguo uko kwa nani?

Ndipo wazo likanijia, nikiwa nimeketi pale kwenye majani makavu damu ikinitoka. Mungu amenipa kidonda. Changu mwenyewe. Nitakitibu kwa njia zangu, hatua kwa hatua, na Jumatatu ya mwisho ya Aprili nitapandisha suruali mbele ya wote waone kovu safi. Marcella atanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Winrose ataenda kwa watoto wachanga.

Mke wangu Lydiah ameangalia mguu akasema, Baba Adrian, nenda hospitali. Nimemwambia hospitali ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Imetangazwa kanisani. Sijui ni nani alimwambia mhubiri. Namjua, nimemuoa.

Kufikia saa nane kina mama wa kanisa walikuwa sebuleni kwangu, kumi na mmoja, na sukari, mikate na kreti ya soda. Wakaomba, wakaimba, wakanywa chai. Halafu wakaanza kuangalia mguu. Huku mgonjwa haonwi uso peke yake. Mtu amepanda na kushuka vilima kuja kuona kidonda, basi aonyeshwe kidonda, la sivyo ataeleza nini akifika nyumbani? Nikafungua bandeji. Shashi ya ndani ilikuwa imekauka ikashika nyama. Nikaing'oa kwa mara moja, kiume. Wakasema woi, kwa pamoja. Heshima kama hiyo sijaipata kazini wiki nzima.

Mama mmoja tu, mwenye skafu ya kijani, ndiye aliyesema ng'ombe wake alikuwa na kikubwa zaidi. Sikumpa soda.

Ijumaa, 14 Machi

Wageni kila jioni. Jumatatu wazee wa kanisa. Jumanne wakwe kutoka Nkubu. Jumatano majirani. Jana kina mama walirudi na wale waliokosa Jumapili. Kila mara nafungua, namwaga povu wasikie linavyochemka, nakausha, natia unga, nafunga tena. Nimefunga kidonda mara nyingi wiki hii kuliko Winrose na chumba chake, na hakuna anayeniandika kwenye rejista.

Hakijafunga. Kila asubuhi naona kingozi chembamba chekundu pembeni, na kila jioni shashi inakibandua. Shashi za siku hizi ni duni sana.

Nina kiu ya ajabu. Nakunywa soda za wageni, nakunywa chai, vijiko vinne kama kawaida yangu, na bado. Naenda choo mara nyingi hadi akina mama wa chanjo wamenizoea mgongo. Ni joto la Mitunguu hilo, hakuna kingine.

Winrose ameuliza kwa nini nachechemea. Nimemwambia kiatu.

Jumatano, 19 Machi

Leo mama mmoja ameleta mtoto wake wa wiki sita, ameketi, kisha akafunika pua kwa leso. Amesema kuna kitu kimekufa humu ndani. Wenzake wakakubali haraka sana, kana kwamba walikuwa wamejadiliana nje. Nikawaambia ni panya wa darini. Nikamtuma Muriithi, msafishaji wetu, apande kuangalia. Alikaa huko juu dakika arobaini na tochi. Akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema panya hayuko, na harufu haitoki juu, inatoka chini. Akaangalia gambuti zangu alipokuwa akisema hivyo. Nilimwambia achunge mdomo wake na ufagio wake.

Nimevaa gambuti kwa sababu kiatu hakiingii. Hilo si la msafishaji.

Nyumbani nimepima kwa ile rula ya Winrose. Siku ile ya panga kidonda kilikuwa sentimita tatu kwa moja. Leo ni tano kwa tatu. Rula mbovu. Ndiyo maana alikuwa na pakiti nzima.

Alhamisi, 20 Machi

Mwandiko umepinda leo. Ni hasira. Na homa.

Nilianguka chumba cha chanjo, sindano ikiwa mkononi, kabla ya mtoto kuguswa, nashukuru. Winrose ndiye aliyenipata sakafuni. Akafunga mlango, akaikata gambuti kwa mkasi. Gambuti mpya. Nilimtazama usoni nione atakapoanza kucheka. Hakucheka, na hilo liliniudhi kuliko kama angecheka.

Jambo la kwanza akanidunga kidole. Nikamwambia kidonda kiko mguuni. Mashine ikasema sukari ishirini na nne. Nikasema mashine imeharibika. Akamwita Marcella, akampima: tano. Akarudi kwangu: ishirini na nne. Nimewaandikia watu wakapimwe sukari tangu Winrose akiwa chekechea. Nilimwandikia hata Kailemia, ingawa tulikuwa tumechelewa. Kidole changu mwenyewe sijawahi kukinyoosha.

Akachukua kalamu akachora mstari pale wekundu ulipofikia, vidole vinne chini ya goti. Akaniambia polepole, mzee, wekundu ukivuka hapa tunakupeleka hospitali kubwa, na huko watakata. Hakupaza sauti. Nilitaka kumwambia mimi si mzee, nina hamsini na nne. Badala yake nikamwona Kailemia kwenye benchi la nje ya kituo, akishikilia mguu wa suruali usio na kitu, na nikaanza kulia. Ilikuwa homa.

Aliloweka shashi kwa maji ya chumvi ya vuguvugu hadi ikaachia yenyewe. Akatoa nyama iliyokufa, kidogo kidogo. Akasema nyama mpya ilikuwa inaota kila siku, nami nilikuwa naing'oa kila siku kuwaonyesha wageni. Miaka ishirini na sita hakuna aliyenieleza hivyo. Yeye alinieleza tarehe tatu, lakini kwa sauti ambayo sikuipenda.

Jumatano, 2 Aprili

Nimetoka wodi ya kituo jana. Siku kumi na mbili za sindano. Wekundu ulisimama palepale kwenye mstari siku mbili nzima, na siku hizo mbili sikuandika chochote, nilikuwa naangalia mstari. Halafu ukaanza kurudi nyuma. Mguu bado ni wangu.

Sasa Winrose anakuja nyumbani kila siku ya tatu akitoka kazini. Anaosha, anapima, anapiga picha kwa simu, anafunga, anaenda. Katikati hapo hakuna kugusa. Lydiah amebandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: KIDONDA HAKIONYESHWI. Sukari ya wageni ameigawa yote. Chai nakunywa chungu, na ananisimamia hadi niimalize.

Kinapungua. Nne kwa mbili na nusu. Nimekereka sana. Sasa wageni wakija hawana cha kuona, kwa hivyo wanamsifu Winrose. Yule mama wa skafu ya kijani amesema msichana huyo ana mikono ya baraka. Amesema hayo sebuleni kwangu, akikalia kiti changu.

Jumapili, 27 Aprili

Kesho ndio mkutano. Kidonda kimebaki ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Winrose alikifunga juzi Ijumaa, akasema kisiguswe hadi kesho asubuhi, atakifungua mwenyewe. Akaniomba ruhusa kuonyesha picha zangu mkutanoni, bila jina. Bila jina! Mguu wangu, wiki saba za mateso yangu, sifa zote kwake, na mimi niwe mguu tu ukutani. Nilikubali kwa mdomo.

Lydiah ameenda kanisani, na ana kikao cha kina mama baadaye. Nimebaki peke yangu na nimewaza kwa utulivu. Nani ameponya kidonda? Ni yule aliyekifunga mara ya mwisho. Hilo mtu yeyote wa hospitali analijua. Na kuna jambo Winrose na vyeti vyake hajalifikiria: ule unga wa kapsuli uliingia ndani kabisa tangu siku ya kwanza. Nani amesema si wenyewe unaofanya kazi sasa, taratibu? Kimebakisha kidogo tu. Kinataka kukaushwa.

Chupa ilikuwa palepale nyuma ya magunia. Nikanywa kwanza kikombe kimoja cha chai, vijiko vinne, nipate nguvu. Sukari niliazima kwa jirani. Nimefungua bandeji polepole. Kingozi kimebanduka upande mmoja, si kitu. Nimemwaga povu. Limechemka vizuri, nilikuwa nimeikosa sana hiyo sauti. Damu imetoka kidogo, lakini ni damu nzuri. Kesho nitapandisha suruali kabla Winrose hajawasha hiyo simu yake, na Marcella ataona kazi ya nani ni ya nani.

Kuna hodi. Ni wazee wa kanisa, nasikia chupa za soda zikigongana kwenye kreti. Nimewaambia wapite tu, wasisome hiyo karatasi ya mlangoni, kiko wazi tayari.