Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Farasi

Ndugu Mkurugenzi wa Makazi ya Muda,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuvumilia.

YAH: KUHAMISHIWA IDARA YA MIFUGO, MIMI NA MKE WANGU

Katika mkutano wa juzijuzi mke wangu alisimama akaomba mlango wa kibanda chetu ugeuzwe, kwa sababu unatazama kule upepo unakotoka, na kifua chake hakijapumzika tangu mvua za baridi zianze. Ulimjibu kwa upole, ukiwa ndani ya koti lako refu, kwamba tuwatazame farasi wa baraza katika uwanja wa jirani: wanakaa nje kipindi chote cha baridi na hawalalamiki. Watu walicheka. Mke wangu alikaa chini, akakohoa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nikipewa zoezi hulifanya. Asubuhi iliyofuata nilivuka uzio nikaenda kuwatazama farasi, nikisaidiwa na mtunzaji wao, ambaye hapa tunamwita Bwana Kwato. Nimeridhika kwamba ulisema kweli. Hawalalamiki. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo, yote yakitokana na kosa moja dogo la kiofisi: tuliandikishwa kama watu.

1. Ukuta. Farasi wamejengewa banda la kuta tatu, na upande wa nne, ulio wazi, umeupa upepo kisogo. Kabla ya kulijenga, fundi alisimama uwanjani na kitambaa kwenye kijiti, akichunguza upepo unavuma kutoka wapi. Vibanda vyetu vilipangwa ili milango ionekane vizuri kutoka barabarani, siku wageni wanapokuja kupiga picha.

2. Blanketi. La farasi halipenyi maji, limekatwa kwa kipimo chake, na lina mikanda ya kupita chini ya tumbo ili lisipeperuke. Likilowa ndani huvuliwa papo hapo. Bwana Kwato anasema blanketi bichi ni baya kuliko kukosa blanketi, maana hulaza manyoya yanayompa mnyama joto. Letu huziba mlango mchana, na usiku hutufunika likiwa bado bichi. Sijui kwangu linalaza nini. Manyoya yangu yalikwisha zamani.

3. Chakula. Baridi ikizidi, farasi huongezewa majani makavu, kwa kuwa tumbo linaloyasaga ndilo jiko lake. Maji yao hutiwa ya moto kidogo. Sisi tulikatazwa jiko kibandani, kwa usalama wetu. Majani siombi, ingawa mke wangu anashikilia kwamba yananukia vizuri kuliko supu ya ofisi yako.

4. Tabibu. Daktari wa mifugo huvua glavu, akaingiza mkono chini ya blanketi penye bega, kuona kama farasi ni mkavu na ana joto. Wetu hutujulia hali akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa kiasi cha kupitisha kidole. Nilipomsimulia mke wangu, alinitazama akasema, "Na wewe mzee, mkono wako uliuweka lini begani kwangu?" Swali hilo halihusu ofisi yako, lakini tangu siku ile humwekea kila asubuhi. Huwa amelowa.

5. Muda. Farasi haambiwi kwamba yupo hapa kwa muda. Penye tope amemwagiwa kokoto, kama kiumbe anayetarajiwa kuwapo mwakani. Sisi tuliambiwa sakafu haina maana, kwa kuwa tunaondoka karibuni. Niliambiwa hivyo nikiwa na nywele nyeusi. Nyumba niliyoikimbia ilikuwa na dirisha dogo upande wa upepo na kubwa upande wa jua. Babu yangu aliyeijenga hakuwa na idara.

Idara ya Mifugo iko mkabala na mlango wako, ng'ambo ya korido, hivyo hata faili letu halitalowa njiani. Sifa tunazo. Mke wangu ana meno yake yote ya mbele. Mimi mgongo umenizoeza kulala nusu wima. Siku za gwaride niko tayari kumbeba askari, ilimradi awe mwembamba na asiwe na haraka. Kulalamika tutaacha siku hiyohiyo, maana nimejifunza kwamba farasi hanung'uniki kwa kuwa hajapewa la kunung'unikia.

Nisalimie karani wa mapokezi, dereva wako, na mama watoto nyumbani. Farasi nao hawajambo.

Wako mtiifu, kwa sasa bado mtu,

Mwalimu wa Kibanda cha Mwisho

Baada ya kusaini: Kabla sijaifunga bahasha, Bwana Kwato alipita na kamba. Farasi wote wamehamishiwa zizi la matofali mjini, kwa amri kwamba upepo wa juma hili "haufai kwa kiumbe chochote chenye uhai". Amri hiyo umeisaini wewe, kwa niaba ya jirani yako wa Idara ya Mifugo aliye likizoni. Basi yafute yote niliyoandika hapo juu. Farasi wa nje hawapo tena, wala sisi hatuombi kuwa farasi.

Banda lao limebaki tupu, na ndani yake blanketi moja kavu. Bwana Kwato alisahau kufunga lango la uzio, halafu akarudi kunijulisha kwamba amesahau. Tumeshahamia. Nimeingiza mkono begani kwa mke wangu: mkavu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wao hawakuwahi kuazima ya farasi. Hii inasitiri wawili na nyingine inabaki.

Ukitaka kututoa, njoo upande ulio wazi, upige hodi. Lile ombi la kugeuza mlango nalo limekwisha. Hapa hakuna mlango.