Kamati Iliyokaa Ghorofani

Inatangazwa kwa fahari kwamba mwaka 1995, malori ya misaada ya wakimbizi yakitimua vumbi mchana kutwa, Ngara ilipata Kamati ya Kuwafikia Walemavu. Katibu nilikuwa mimi. Ofisi tuliiweka ghorofani, ngazi ishirini na nane, kwa kuwa mlemavu anastahili hadhi ya juu.

Shirika moja la wakimbizi lilituachia baiskeli za magurudumu matatu, wenyeji nao wapate. Sharti letu lilikuwa moja: mwombaji afike mezani mwenyewe. Hadi Ijumaa hakuna aliyefika, nasi tukaandaa taarifa kwamba Ngara haina walemavu. Baiskeli zingerudi ghalani siku hiyo saa kumi jioni.

Saa nne asubuhi akaja Dafroza wa Rulenge, ambaye miguu haijamshika tangu utotoni. Majirani wanne walimbeba kwa ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakampandisha hadi mezani jasho likiwatiririka.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba," akajibu Bwana Anatoli bila kuinua macho. "Umefika, mama, au umefikishwa?"

"Nimeletwa, mzee. Ndiyo maana naomba baiskeli. Hawa wamechoka mabega, na mimi nimechoka kuomba mabega."

"Basi hujafika. Katibu, andika."

Nikaandika. Niliona aibu, lakini daftari halina safu ya aibu.

Ngazi tulikuwa tumezipaka nta nyekundu kwa ajili ya mgeni wa shirika. Mchana Mwenyekiti alishuka kwenda kula, akateleza, akavunjika mguu. Magari yote yalikuwa makambini.

"Mpeni ingobyi," alisema Dafroza, akiwa ameketi barazani chini, wabebaji walikomshusha. "Mimi nitangoja."

Wakampeleka hospitali. Saa tisa na nusu wakamrudisha, mguu umefungwa, maana bila saini yake hata kurudisha baiskeli haiwezekani.

"Haya, nipandisheni!" akaamuru.

Gervasi, mbebaji wa mbele, hakusogea. "Samahani, mzee. Tukikupandisha, utakuwa umefika au umefikishwa?"

Mwenyekiti alizitazama zile ngazi moja moja, mpaka ya juu kabisa.

"Katibu," akasema kwa sauti ndogo, "shusha meza."

Nilishusha meza, faili na mhuri. Dafroza akajikokota mwenyewe hadi mezani, na Mwenyekiti akatia saini akiwa bado ndani ya ingobyi. Saa kumi kasoro dakika tano, Dafroza aliondoka akiendesha baiskeli yake mwenyewe. Nyuma yake Bwana Anatoli akafuata kwa ingobyi, akiwaomba wabebaji wasimtikise.

Nami nikafunga muhtasari kwa kufuata kanuni. Aliyefika: Dafroza. Asiyefika: Mwenyekiti.