Shangazi Aliyeshinda Nyumba Bila Kucheza

Jumatatu asubuhi mji mzima ulikuwa na swali moja: nani ameshinda ile nyumba ya bahati nasibu? Namba ya tikiti imetangazwa, mwenyewe hajatokea. Hata waliofiwa waliuliza kwanza, kisha wakaendelea kulia.

Vichwa akanusa riziki. Kijana huyu aliitwa hivyo kwa sababu blogu yake ilikuwa na vichwa vya habari vizito, na chini yake hamna kiwiliwili. Mvua ikinyesha, kaandika mvua. Mchezaji akiumia goti, kaandika goti. Na safari hii alikuwa na haraka. Muuza samani wa barabara kuu, mgane mwenye pesa zake, alimwambia: "Niletee wasomaji elfu kumi kufikia Ijumaa, tangazo langu linakaa kwako mwaka mzima. Ukishindwa, futa namba yangu."

Basi akaandika: MSHINDI WA NYUMBA APATIKANA! NI MJANE, FUNDI CHEREHANI! Habari ikataka picha. Ya karibu ilikuwa ya shangazi yake, mjane kweli na fundi kweli, aliyemlisha na kumlaza sebuleni tangu amalize sekondari. Ruhusa hakuomba. Damu ni damu.

Kufikia Jumatano wasomaji walikuwa elfu kumi na nne. Muuza samani akapiga simu.

"Mwandishi, huyu mama unamjua?"

"Mzee, chanzo cha habari hakitajwi. Maadili ya kazi hayo."

"Nikutanishe naye, tangazo liwe miaka miwili."

Maadili ya kazi yalivumilia kadiri yalivyoweza, kama sekunde nne hivi.

Nyumbani shangazi alikuwa anapinda sketi ya sare. Alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Yaani umenitajirisha bila kuniambia?"

"Ni siku moja tu, shangazi. Usikubali, usikatae. Tabasamu."

"Kutabasamu naweza," akasema, akakata uzi kwa meno.

Na kweli, hakudanganya hata neno. Muuza samani alikuja ananukia marashi mpaka inzi wakapisha. Akauliza kama mama amezoea nyumba kubwa. "Nyumba ni watu, mzee wangu," shangazi akajibu. Mgane akaona huo ndio unyenyekevu wa matajiri. Akagusia tikiti. Shangazi akainamisha macho: "Mambo ya magazeti tuwaachie wenye magazeti." Mgane akazidi kuamini. Mtu mwenye tamaa ukimnyima jibu, hujijibu mwenyewe, tena vizuri kuliko wewe.

Akaogopa kuwahiwa. Alhamisi akaleta posa, Jumamosi akafunga ndoa. Vichwa alipokumbushia tangazo, aliambiwa, "Tulia, mwanangu, sasa sisi ni ndugu. Haraka ya nini?"

Jumatatu iliyofuata mshindi wa kweli akajitokeza: dereva wa lori, alikuwa safarini na simu imeisha chaji. Blogu zote zikaandika. Vichwa peke yake akanyamaza, kwa mara ya kwanza maishani.

Muuza samani alifika nyumbani na habari hiyo kwenye simu.

"Mke wangu, kumbe hukushinda nyumba?"

"Kwani mimi nilisema nimeshinda?"

Akafikiri. Kweli, mke hakuwahi kusema. Akafikiri kwenda kulalamika kwa wazee, lakini angeanzaje? Kwamba alikuwa anaoa tikiti? Akaketi kwenye sofa lake mwenyewe, akaomba maji.

Kesho yake Vichwa akaenda dukani kudai haki yake, shati limepigwa pasi. Kwenye kiti cha meneja alimkuta shangazi. Mume alikuwa amesimama pembeni, anafuta vumbi kwenye kabati ambalo halikuwa na vumbi.

"Shangazi, ahadi ni ahadi. Niliambiwa elfu kumi, nimeleta elfu kumi na nne."

"Najua, mwanangu. Chakula kipo nyumbani, njoo ule wakati wowote. Ila tangazo, hapana."

"Kwa nini?"

Shangazi akavua miwani, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Blogu yenyewe haiaminiki. Juzi tu wameandika eti nimeshinda nyumba."