Mimi Si Draiva wa L

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mpaka nimekaa ndani ya gari dakika ishirini nje ya duka la fimbo za gofu nikiogopa kuwasha injini. Wale mlionipongeza jana kwenye hili kundi, mkaweka na maua, naomba kila mtu achukue ua lake arudi nalo nyumbani.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi sijaelewa vizuri mpaka sasa.

Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mnajua pia nafasi ya kiongozi wa zamu iko wazi, na mimi nimeomba. (Mara ya tatu. Zile mbili za kwanza tuziache zilale.) Intavyuu ni Jumanne ijayo. Anayeamua ni meneja wetu, Trish, mama mchangamfu anayeongea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Sasa juzi huyo Trish akaingia chumba cha chai, akauliza: "Nani hapa anaweza long drive? Ni ya Jumamosi hii."

Mimi nikasikia safari. Long drive, yaani gari, barabara, mbali. Na kwetu anayeendesha basi dogo la wazee siku za matembezi ni kiongozi wa zamu. Nikaona hii si safari, huu ni mtihani. Mkono ukapaa wenyewe.

"Mimi, Trish! Long drive mimi sichoki!"

"Kweli? Sikujua kabisa!" Akanitazama juu mpaka chini. "Lakini una mabega, eh. You're a legend! Nakuandika. Alhamisi nenda Ingleburn, kuna duka watakufanyia driver fitting. Waambie nimekutuma mimi."

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza mabega yanahusiana vipi na usukani. Sikuuliza. Nilikuwa na furaha.)

Hiyo driver fitting nilijua ni nini. Wazee wetu wakifika umri fulani si hupelekwa kupimwa kama bado wanafaa kuendesha? Nikajua na mimi napelekwa kupimwa kama nafaa kubeba abiria. Jioni ndiyo nikawaandikia kwamba mambo yameiva, nimepewa basi, mniombee. Asanteni kwa kuniombea. Sijui mliomba nini.

Sasa lazima mwelewe kitu kimoja. Mimi na leseni ya nchi hii tuna historia. Kenya nimeendesha miaka kumi. Nikafika Sydney nikaambiwa nifanye mtihani, nikaanguka, nikabandikwa ile L ya njano mbele na nyuma ya gari. Mama mzima, ana watoto watatu, anaendesha na L kama kijana wa miaka kumi na sita! Mtihani nimeufanya mara nne. Baada ya L wakanipa P nyekundu, ya leseni ya muda. Baada ya P nyekundu, P ya kijani. Leseni kamili nimeipata mwezi uliopita tu, na siku niliyobandua ile P ya mwisho nililia pale pale kwenye maegesho. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti.

Basi leo asubuhi nikatoka kwangu Minto na Mama Neema. Wengine mnamfahamu, yule dada yetu wa Bukavu tunayefanya naye kazi. Alisema atanisindikiza kwa maombi. Njiani nilikuwa naendesha vizuri mpaka mwenyewe najishangaa, indiketa hata mahali pasipo na mtu.

Tukafika. Fimbo za gofu. Fimbo ukutani, fimbo kwenye mapipa, fimbo kwenye mifuko.

"Mama, uko sûre ni hapa?" Mama Neema akaninong'oneza. "Hapa banauzishaka bafimbo tu."

"Nchi hii picha ya pasipoti si tunapigiwa duka la dawa?" nikamjibu. "Twende."

Akaja mwanamume wa makamo, kofia, mikono imechomwa na jua. Anaitwa Brett. Nikamwambia nimetumwa na Trish.

"Aah, so you're the long drive lady!"

"Yes, that's me," nikasema, nikajinyoosha kidogo.

Akatupeleka nyuma. Nyuma kuna skrini kubwa kama ukuta, inaonyesha majani ya kijani mpaka mwisho wa macho. Moyo wangu ukatulia. Mama Neema naye akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. "Iyo ni simulateur ya gari," akasema. "Batakupima na télé."

Kando ya skrini palikuwa na stuli. Nikakaa. Nikaivuta mbele. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia.

"Umepoteza kitu?" Brett akauliza.

"Seat belt," nikasema.

Jamaa alicheka mpaka akashika ukuta. "You're a funny one!" Nami nikacheka, ili nisionekane mgumu. (Sikuwa nimefanya mzaha wowote.)

Akachukua kalamu na karatasi, maswali yakaanza.

"Ukidrive, huwa inaenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Nakata kona panapohitajika tu."

"Haipotei kulia?"

"Kulia? Never! I keep left."

Akaandika. "Regular or stiff?"

Hilo sikulielewa. Nikafikiri anauliza kuhusu gia. "Automatic," nikasema. Akanitazama, akafuta kitu kwenye karatasi.

"Na speed yako? Unajua ni ngapi?"

Hapo nikaona kumbe nimesomea swali lenyewe. "Sixty," nikasema kwa sauti ya darasani. "Fifty nikiwa karibu na nyumba. Forty mbele ya shule."

Brett akakuna kichwa chini ya kofia. Nadhani na yeye alikuwa amepotea wakati huo, ila ni mtu mpole. "Tuseme sixty," akasema. "Sixty ni sawa kabisa kwa mtu anayeanza. Basi wewe nitakupa driver ya L."

Wapendwa. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu stuli ikianguka.

"Me? L?" Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. "I'm not L! L nimemaliza! P ya red nimemaliza! P ya green nimemaliza!" Mkono umo ndani ya mkoba unatafuta, kitana kinaruka huku, risiti zinaruka kule. Nikaipata leseni, nikaisimamisha mbele ya pua yake. "Full licence! Angalia picha! Angalia jina! Full!"

Mama Neema naye akaingia uwanjani bila kuitwa. "Mimi ni témoin, shahidi!" akapaza sauti. "She drive me every Sunday! No accident!"

Kwenye skrini ya jirani wazee wawili wamesimama na fimbo juu, hawashuki, hawapigi. Brett wa watu akaipokea ile leseni kwa mikono miwili, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Akanirudishia kwa heshima kabisa.

"Love," akasema polepole, "L is for ladies."

Nikainua stuli, nikairudisha mahali pake.

Akavuta fimbo moja yenye kichwa kikubwa kama ngumi ya bondia. "This is a driver," akasema. Akapitisha kidole kwenye mpini, kutoka kichwani mpaka kwenye kishikio. "Huu mwili wake ndio shaft. Herufi inaonyesha unapinda kiasi gani. L ni laini, kwa anayepiga polepole. S ni mgumu, kwa anayepiga kwa nguvu. R uko katikati. Ukichukua usiokufaa, mpira unaenda unakotaka wenyewe."

"Na basi?" nikauliza. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Basi gani?"

Ndipo nikaelezwa. Jumamosi ni siku ya gofu ya kuchangia nyumba za wazee. Kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kupiga mpira mbali kuliko wote. Hilo shindano ndilo linaitwa Longest Drive, na driver fitting ni kuchaguliwa fimbo inayokufaa. Hakuna safari. Hakuna wazee wanaopelekwa popote. Nikaona ile kazi ya kiongozi wa zamu inatoka mlangoni na kufunga mlango nyuma yake. Niliumia, jamani, sitanii. Mara ya tatu!

Mama Neema aliponiuliza "Anasema nini uyu papa?" nikamwambia nitamweleza nyumbani.

Brett akaona uso wangu. "Umeshafika," akasema. "Piga tu moja."

Nikashika ile fimbo ya L. Sijawahi kushika fimbo ya gofu tangu nizaliwe. Mara ya kwanza nikapiga hewa. Mara ya pili nikapiga zulia. Mara ya tatu nikawaza intavyuu ya Jumanne, nikapiga kwa hasira yote niliyokuwa nayo. Mpini ukajikunja kama fimbo ya kuvulia samaki, mpira ukakata kushoto ukapotelea kwenye miti ya skrini. Mashine ikatoa namba. Brett akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Kazi yako ni nini hasa?"

"Nageuza wazee kitandani. Miaka saba."

Akaichukua ile L akairudisha ukutani. Akaniletea R. Nikapiga tena, na safari hii mpira ukaenda mbele, mbali, katikati kabisa ya majani.

"Wewe si L hata kidogo," Brett akasema.

"Nilimuambia!" Mama Neema akapiga makofi. "I tell you! She is not L!"

Wale wazee wawili nao wakapiga makofi. Kwa nusu dakika hivi nilijisikia vizuri.

Halafu Brett akampigia simu Trish kumwambia nimepata R. Naye, kwa vile hana siri, akamweleza na yaliyotangulia. Mkanda. Forty mbele ya shule. Leseni. Akaweka loudspeaker, nikamsikia meneja wangu akicheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Mimi nimeshika fimbo, natazama viatu.

"Trish," nikasema alipotulia, "Jumanne bado ipo?"

"Ipo, darling." Sauti ikabadilika, ikawa ya kazini. "Lakini niahidi kitu kimoja. Ukiwa hujaelewa, uliza. Kiongozi wa zamu asiyeuliza ipo siku atampa mzee huyu dawa za mzee yule. Mikono yako ninaijua. Ninachotaka kujua ni kama unauliza."

Maneno yaliniingia. Nikamwahidi, na nilikuwa namaanisha kila neno. Kuanzia leo, nisipoelewa, nauliza.

"Good," akasema. "Sasa najaza fomu yako ya Jumamosi, limebaki swali moja. What's your handicap?"

"Sina, Trish," nikajibu haraka, nikitaka ajue afya yangu haina shida. "Mimi mzima kabisa. Labda goti la kushoto, baridi ikizidi."

Brett akavua kofia akafunika uso. Kumbe kwenye gofu hilo neno si ulemavu, ni namba ya kuonyesha mtu anacheza kwa kiwango gani. Ningejuaje? (Ningeuliza.)

"Nimeandika goti," Trish akasema, akakata simu.

Basi ndiyo hivyo. Jumanne mniombee upya, ila safari hii nitawatumia kwanza maelezo kamili. Na anayetaka kucheka acheke kwa kujificha, maana nimeapa kuuliza kila nisichokielewa, na nitamuuliza anacheka nini.