Njano Juu, Kijani Chini

Jumatatu, 1 Juni

Injini imewaka! Landrova ya marehemu baba mkwe, iliyogeuka banda la kuku nyuma ya nyumba, leo imekohoa, imetoa moshi, imenguruma. Mume wangu Ramadhan akatokwa machozi. Kasema ni mafuta yamemwingia machoni.

Sasa imebaki rangi tu. Mama mkwe katoa kauli: Jumamosi gari limbebe Sijaona, bibi harusi wa Unyambwa. Likirudi na sifa, libaki, tulikodishe kwenye harusi. Likirudi na aibu, anamwita mtu wa vyuma chakavu aje alipime kilo. Ramadhan hakumaliza hata ugali.

Mimi rangi ninayo kichwani. Njano. Wifi yangu Rukaya anataka kijani, eti ndiyo ya baba. Tangu niolewe Rukaya ndiye anayechagua kila kitu humu ndani, nusura achague na jina la mwanangu Luqmani. Safari hii hapana.

Jumanne, 2 Juni

Ukimwambia mwenye duka njano, atakupa ya limau. Mimi nataka njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Basi nikachemsha yai, nikafunga kiini kwenye leso, nikaenda na Luqmani hadi dukani kwa mzee Valimohamed. Nikatoa shikamoo, nikafungua leso. Makombo matupu. Mwanangu anatafuna.

Bahati nzuri kipande kilibaki shavuni. Mzee akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akawa anachanganya rangi huku anamtazama. Imetoka ile ile. Njiani nimembusu mwanangu shavu hilo mpaka nimelisafisha.

Jumatano, 3 Juni

Vita. Rukaya naye karudi na kopo lake la kijani. Kasema gari la baba yake haliwezi kugeuzwa ndizi. Nikamwambia, wifi, bibi harusi naye hawezi kupanda gari la jeshi.

Mama mkwe akatuita. Nilishamwahi: nilimpelekea uji wa ulezi, nikamwachia Luqmani alale mapajani mwake. Akaamua. Chini kijani, kwa heshima ya marehemu. Juu njano, kwa ajili ya harusi.

Nimeshinda! Juu ndiko watu wanakotazama. Rukaya anachekacheka jikoni, anaamini kashinda yeye, eti chini ndiko kukubwa. Mwache.

Alhamisi, 4 Juni

Fundi Simeoni kapiga rangi. Kabla hajaanza aliuliza kama tuna uhakika. Nikamwambia tunao. Akauliza ni nani katutuma. Nikamwambia hakuna, ni akili yangu mwenyewe. Akatikisa kichwa, akasema mama Luqmani, una moyo wewe.

Nimefurahi sana. Mafundi hawasifii watu ovyo.

Jumamosi, 6 Juni

Sina pa kuuweka uso.

Tuliondoka Unyambwa vizuri. Maua kwenye boneti, Sijaona kakaa nyuma kama malkia, mimi mbele na mtoto. Kufika sokoni kina mama wakaanza vigelegele, wakakimbilia gari. Nikajua ni uzuri wa bibi harusi. Nikawapungia mkono. Mmoja akaning'inia mlangoni akauliza kanga zinagawiwa wapi. Mwenzake akauliza mbona kampeni zimewahi hivi.

Hapo ndipo nilipoona. Njano na kijani. Rangi za chama! Nyumba nzima, siku zote hizo, hakuna aliyeona. Mimi niliangalia juu yangu, Rukaya akaangalia chini yake.

Mzee mmoja akasimama katikati ya barabara, hatoki mpaka asikilizwe habari ya kisima chao. Ramadhan kashikilia usukani tu. Ikabidi Sijaona atoe kichwa dirishani na shela lake, akaahidi kukishughulikia. Akapigiwa makofi.

Tukafika tumechelewa. Baba wa bwana harusi ni wa chama kingine, akakataza gari lisikanyage uwanja wake. Sijaona akashuka, akakunja gauni, akatembea vumbini. Mimi nikalia. Akanigeukia akasema usilie dada, leo nimeolewa na udiwani nimepata.

Mama mkwe kapiga simu tu. Mtu wa vyuma anakuja kesho kutwa.

Jumapili, 7 Juni

Ramadhan kakaa kwenye gari tangu asubuhi, mikono kwenye usukani, haendi popote. Luqmani kampanda mapajani, anapiga honi. Baba hacheki.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kumpigia magoti mama mkwe. Nikamwambia kosa ni la rangi, si la gari. Mara naona na Rukaya kapiga magoti pembeni yangu. Mama mkwe akatutazama, akasema haya, harusi moja tu zaidi, ile ya Leah kule Kilimatinde mwisho wa mwezi. Na mkinitia aibu tena, nawauza na nyinyi kwa kilo.

Nimekaa na wifi, tumeelewana bila hata kugombana. Siasa basi. Gari lote jeupe, kama shela. Na kwa kuwa Leah anafunga ndoa kanisani, tunamwekea msalaba kila ubavu, mkubwa, mwekundu kama maua yake. Rukaya kaongeza taa ya bluu juu, iwe inazunguka, ipendeze kwenye video.

Safari hii watu watatupisha wenyewe.