Kihesabu Hatua Kwenye Pedeli ya Twalib

Nyasho, Musoma. Jumamosi, 9 Agosti 1986

Likizo imeingia mdudu! Dokta Keraryo, mhadhiri wetu chuo kikuu, naye yuko nyumbani Musoma. Katukusanya wanafunzi wanane wa huku, akasema tunakaa mno vitini. Kila mmoja kapewa kihesabu hatua, kidude cha chuma cha kufunga kiunoni. Ukipiga hatua kinalia tik, namba inapanda; ukikilaza chali hakihesabu. Kila jioni anaisoma mwenyewe. Jumatatu ya tarehe 18, mwenye namba kubwa anapata baiskeli. Mpya! Fremu bado ina karatasi. Naitaka mno! Nikiipata, sitembei tena maisha yangu yote.

Eufrasia wa Manyamanyama, Bunda, ninayesoma naye, amekuja kukaa kwa shangazi yake Iringo, naye yumo mashindanoni. Kawaambia wote kwamba mimi, Felisian, hata maji ya kunywa hutuma mtu. Atanitambua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetembea hadi Iringo. Hatua elfu tatu. Malengelenge mawili. Nikajitupa barazani kwa Twalib, fundi cherehani. Nikautazama mguu wake. Haupumziki! Idd ni Jumamosi na kila mtu anataka kanzu.

Nikakifunga kidude kwenye pedeli. Twalib alikataa, akasema kazi yake ni ya halali. Nusu mche wa sabuni ukamlegeza. Jioni: elfu arobaini na moja. Dokta alinipa mkono kwa heshima.

Mama anatafuta sabuni. Ameuliza kama siku hizi sabuni inatembeaga. Nimemwambia hali ya nchi ni ngumu.

Jumatano, 13 Agosti

Nusura! Eufrasia kaja kwa Twalib kupunguza gauni. Nikapiga magoti mbele ya pedeli, nikajifanya natafuta sindano. Akauliza mtu aliyetembea hatua laki moja anapata wapi muda wa kutafuta sindano za watu. Nikasema ni utu. Twalib akacheka mpaka uzi ukakatika.

Ijumaa, 15 Agosti

Jioni Dokta kasoma 201,316. Eufrasia hajafika hata elfu themanini. Tamaa ikanishika. Nikarudi mbio kwa Twalib, kidude nimekilaza kiganjani, nikakifunga tena, kivune na mshono wa mkesha wa Idd.

Nyumbani namkuta Dokta anakunywa chai na Mama. Kesho alfajiri wote tunatembea hadi Butiama, na bingwa ataongoza; namba atazisoma tena Jumatatu. Bingwa ni mimi! Mama akalia kwa furaha. Nikakimbilia kidude. Kufuli! Jirani kasema Twalib alifunga mara tu nilipoondoka, kaenda Bunda kula sikukuu kwa wakwe. Hakushona hata kifungo.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nimelala. Jana nilifunga kopo la dawa ya viatu kiunoni, shati juu yake. Mpango ulikuwa nikifika Makutano niingie kichakani, nidandie lori. Lakini Dokta alikuwa nyuma yangu njia nzima, juu ya baiskeli. Baiskeli yangu! Akipiga kengele kila nilipopunguza mwendo. Kilometa arobaini na kitu. Eufrasia alikuwa anaimba.

Nimefika Butiama kwa miguu yangu. Sijawahi kutembea hivyo. Kwa kweli nilijisikia vizuri, kama dakika moja.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi Twalib karudi, kidude nikakipata. 201,316 ile ile. Eufrasia, pamoja na Butiama, ana 139,000. Nimeshinda! Nikafikiri nikitikise kiongeze kidogo. Nikasema hapana, leo niwe muungwana, nikakibeba kimelala.

Dokta akasoma. Akafungua daftari lake penye namba za Ijumaa. Akasoma tena. Akawaambia wote kwamba aliniona kwa macho yake nikitembea hadi Butiama, na kidude hakikuhesabu hata hatua moja. Basi ni kibovu, na namba zake zote zinafutwa. Akaniomba radhi! Ningesema nini? Kwamba kidude ni kizima, mbovu ni mimi? Nikakubali pole. Baiskeli kapewa Eufrasia.

Machozi yalinitoka kweli, mbele za watu. Dokta akaniona, akanihurumia, akanipa kidude kingine, kipya. Mashindano yanaanza upya kesho, wiki mbili, zawadi ni redio.

Jioni Eufrasia kapita hapa anaendesha, kengele juu. Niliingia ndani nisimwone. Kisha nikatoka tena, nikaangalia vizuri. Baiskeli ile nayo ina pedeli. Mbili! Kesho nitamwendea kwa adabu, nimwambie tumeshapatana. Mama kanunua sabuni mpya. Nimeona anapoificha.