Kimo cha Kadi Zangu

Jumatatu, 3 Machi 1969. Hounslow.
Baridi! Meneja wetu, Bwana Wickham, kaja na rula. Eti programu tunazoandika zitapimwa kwa kimo cha kadi mpya, zile za karatasi ngumu zinazotobolewa matundu ili kompyuta izisome. Timu yetu ni mimi na Kuldip wa Nakuru. Tukiwa wafupi kuliko timu nyingine Ijumaa, kazi yangu ya majaribio imekwisha. Tutazeekea sebuleni kwa shemeji Hansa, dada wa mke wangu Sushila, nyuma ya pazia. Sushila anataka chumba chenye mlango. Haombi kingine, maskini.

Jumanne, 4 Machi.
Kuldip ana wazimu! Kafuta nusu ya programu yetu ya mishahara, anajisifu inakwenda mbio. Rundo letu fupi kuliko sambusa. Nikakumbuka duka la baba Mombasa: makopo yaliyojaa mbele, matupu nyuma, wateja wanasifu duka limeshiba. Basi, kuna kadi za maelezo, mashine huziruka. Nitazijaza. Kwa Kiswahili! Nani London atajua?

Jumatano, 5 Machi.
Vidole vimekufa ganzi. Maneno yaliponiishia nikamwaga ya moyoni: Hansa anabania samli, anakoroma, chai yake maji ya kuoshea vikombe. Nikampa Kalpana, mtoboa kadi wa ofisini, azitoboe. Msichana mwema. Huja kwa Hansa kila Jumapili, wakapiga soga ya Kigujarati mpaka giza. Nadhani katoka Bombay, Kiswahili atakijulia wapi?

Alhamisi, 6 Machi.
Balaa! Pazia letu limeng'olewa, begi letu mlangoni. Kumbe Kalpana kazaliwa Kisumu! Kamsimulia Hansa yote, mpaka ya samli. Sushila hakunigombeza. Alikunja shuka akilia kimya, nami nikaona aibu kwelikweli. Nikaomba radhi. Hansa akasema tubaki kwa ajili ya mdogo wake, ila chai nijipikie.

Ijumaa, 7 Machi.
Tumeshinda! Kisha Bwana Wickham akachomoa kadi moja, ile ya samli, akauliza inasema nini. Kuldip akaisoma, akakohoa, akajibu kwamba ni ushauri wa kubana mafuta ya mashine. Mungu ambariki! Nimeongezewa mwezi. Sushila kacheka, tena mbele ya dada yake.

Jumapili, 9 Machi.
Ijumaa ijayo tunapimwa tena. Wickham kanunua rula ndefu zaidi. Mimi si mtoto, nimejifunza. Kiswahili basi, kina masikio mengi mji huu. Kalpana yuko jikoni na Hansa, wanacheka. Wacheke tu. Kadi zote za wiki hii naziandika kwa Kigujarati.